PAIPU ZA BREKI ZILIZOLIWA NA KUTU: JINSI YA KUZITAMBUA NA KUZITENGENEZA

Maelezo kwa watumishi wa Serikali, madereva na wananchi wote

Watumishi wa Serikali waliokabidhiwa gari za kazi, madereva wa gari za abiria na za mizigo, pamoja na wananchi wenye gari zao binafsi, wanakumbushwa kwamba breki ya gari kuukuu haifi ghafla kama inavyodhaniwa. Aghalabu hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi, pahala pasipoonekana, mpaka siku ile dereva anapoihitaji kwa nguvu zake zote. Makala haya yanaeleza ugonjwa mmoja miongoni mwa magonjwa ya breki, nao ni kutu inayokula paipu zinazopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Yataelezwa asili ya kutu hiyo, dalili zake, matengenezo yanayokubalika, na yale yasiyokubalika hata kama yamezoeleka.

Mfano uliochaguliwa ni wa Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza: kwa nini twende mbali kiasi hicho, ilhali kutu ni jirani yetu wa kila siku hapa pwani? Jawabu ni kwamba kutu nyingi huanzia pwani, lakini mlima ndio unaoifichua. Gari inayozunguka mjini, penye barabara tambarare, huweza kutumika miaka kadhaa ikiwa na paipu dhaifu, kwa kuwa breki zake hazikanyagwi kwa nguvu wala kwa muda mrefu. Gari hiyo hiyo ikiuzwa na kupelekwa Ufipa hukutana na mtihani wa aina nyingine kabisa.

Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa, lenye kimo cha kiasi cha mita 800 tu. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, lenye kimo cha takriban mita 770. Anayetoka Sumbawanga kwenda Muze, bondeni, huteremka ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa. Na anayekwenda bandari ya Kasanga kupitia Matai huteremka upande wa Tanganyika. Kwa kila upande gari hushuka takriban mita 1,000. Nayo barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa lami kufuatia mkataba wa mwaka 2008 baina ya Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, imerahisisha safari mno. Lakini barabara nzuri huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka kazi ya breki nayo huongezeka.

Kazi hiyo inaweza kupimwa kwa hesabu. Gari yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo wake, ikiteremka mita 1,000 kwa kushikiliwa na breki peke yake bila ya msaada wa injini, huzalisha katika breki zake joto linalotosha kuchemsha takriban lita 90 za maji. Joto lote hilo hupita katika vyuma vya magurudumu manne, na sehemu yake huyafikia mafuta ya breki. Ikiwa paipu ni mbovu, au mafuta yenyewe yamechakaa, mteremko huo ndio utakaotoa hukumu.

NAMNA MAFUTA YANAVYOISHIKA GARI

Dereva anapokanyaga pedeli husukuma bastola iliyomo ndani ya masta silinda. Bastola hiyo huyasukuma mafuta ya breki kupitia paipu nyembamba za chuma zilizofungwa chini ya gari, kisha kupitia mipira inayounganisha paipu hizo na magurudumu. Mafuta hayashindiliki kama upepo. Kwa hivyo nguvu ya mguu hufika kwenye gurudumu bila ya kupotea, na pedi hubana sahani au viatu vya breki hubana ngoma. Pedeli ikikanyagwa kwa nguvu, shinikizo ndani ya paipu huweza kupita baa 70, ilhali upepo wa tairi ya gari ndogo ni kiasi cha baa 2 tu. Na ukuta wa paipu inayobeba shinikizo hilo haufiki unene wa milimita 1.

Baadhi ya Land Rover za zamani zilitengenezwa kwa njia moja tu ya mafuta: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Gari za baadaye zina njia mbili zilizotengana, ili moja ikiharibika nyingine ibaki. Mpango huu umeokoa maisha ya watu wengi, lakini una hadaa yake. Njia moja ikiwa imekufa, gari bado husimama, ila pedeli huingia chini zaidi na gari huhitaji masafa marefu zaidi. Dereva huizoea hali hiyo siku baada ya siku, akasema gari yake ndivyo ilivyo. Gari ya namna hiyo imekwisha kula akiba yake, na haina tena kinga nyingine.

Ifahamike kwamba malori makubwa hutumia breki za upepo, ambazo zina taratibu zake. Maelezo haya yanahusu breki za mafuta, kama zilivyo katika Land Cruiser, Land Rover, Hiace, Canter na gari nyingine za ukubwa huo.

KUTU HUTOKA WAPI

Wafipa ni watu waliosifika tangu kale kwa ustadi wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, wakatia humo mawe yenye madini pamoja na makaa, na kazi hiyo iliendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Katika tanuri lile, moto wa makaa uliondosha hewa ya oksijeni iliyoshikamana na madini, kikabaki chuma. Kutu ni safari ya kurudi nyuma: chuma kikipata maji na hewa hushikana tena na oksijeni, kikarejea kuwa kitu cha rangi ya udongo kama kilivyotoka ardhini. Chumvi huiharakisha safari hiyo, na ndiyo sababu kutu ina nguvu zaidi pwani.

Gari nyingi zinazotumika Ufipa zimekwisha kupita mikono kadhaa kabla ya kufika huko. Zipo zilizotumika kwanza nchini Japani, ambako katika mikoa ya kaskazini barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji. Zipo zilizokaa Dar es Salaam au miji mingine ya pwani kwa miaka mingi. Zikifika Rukwa hukutana na matope ya masika yanayoganda juu ya paipu na kutunza unyevu muda mrefu baada ya mvua kwisha. Tena maji ya Ziwa Rukwa, lisilo na mto wa kutokea, yana magadi. Gari inayobeba magunia ya chumvi au samaki wa chumvi hudondokewa na maji ya chumvi mpaka kwenye chasisi, na inayobeba ng'ombe hudondokewa na mkojo wao. Kwa hivyo mtu asidanganyike na rangi mpya ya bodi. Bodi hupakwa rangi ili gari iuzwe, lakini paipu iliyo juu ya ekseli ya nyuma hakuna aikumbukaye.

Iko pia kutu inayoanzia ndani. Mafuta ya breki ya kawaida, yenye alama ya DOT 3 au DOT 4, yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa kupitia mipira na kitungi. Maji hayo hula paipu na silinda kwa ndani, na huyafanya mafuta yachemke mapema. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4, nyuzi hizo ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika. Pedeli huenda chini kama inayokanyaga sifongo. Kwa sababu hii watengenezaji wengi wa gari hushauri mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama kitungi kimejaa.

DALILI NA UCHUNGUZI

Ukaguzi unaofuata hauhitaji mitambo. Unahitaji tochi, kioo kidogo, brashi ya waya, kitambaa safi, na watu wawili. Gari isimamishwe pahala tambarare, itiwe kigingi kwenye magurudumu, na mtu asiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake.

(a) Kitungi cha mafuta. Mafuta hupungua polepole kadiri pedi zinavyolika, na hilo ni jambo la kawaida. Yakipungua ndani ya siku chache au wiki chache, kuna pahala yanapovuja. Kuyaongeza kila asubuhi bila ya kutafuta yanapokwenda ni kujidanganya.

(b) Taa nyekundu ya breki. Ikiwaka wakati breki ya mkono imeteremshwa, gari isiondoke mpaka sababu ijulikane. Taa iliyotolewa balbu ili isisumbue ni shahidi aliyezibwa mdomo.

(c) Pedeli. Injini ikiwa imezimwa, pedeli ikanyagwe mara kadhaa ili nguvu iliyobaki katika busta iishe. Kisha ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa kwa muda wa dakika moja. Ikibaki pahala pake, ni dalili njema. Ikizama polepole, ama mafuta yanavuja nje, ama mipira ya ndani ya masta silinda imechakaa. Pasipoonekana unyevu pahala popote, na kitungi kisipopungua, shaka ielekezwe kwenye masta silinda. Pedeli ikiwa laini na kudunda, ndani mna upepo.

(d) Kuangalia paipu zenyewe. Paipu zifuatwe kwa tochi kuanzia masta silinda mpaka kila gurudumu. Mtazamaji asiridhike na sehemu zilizo wazi. Kutu hupenda kujificha chini ya vibanio vinavyoshikilia paipu kwenye chasisi, juu ya ekseli ya nyuma, nyuma ya tangi la mafuta, penye matope yaliyoganda, na pale paipu inapoingia kwenye nati yake. Matope yaoshwe kwanza, kisha paipu isuguliwe taratibu kwa brashi. Ikiwa ni rangi ya kahawia ya juujuu inayotoka na kuacha chuma laini, paipu inaweza kusafishwa, kupakwa kinga na kuangaliwa tena. Ikiwa imevimba, inatoa magamba, au ukucha unahisi vishimo, paipu hiyo imekwisha. Haifai kuikwangua kwa bisibisi kisha kuondoka nayo, kwani huenda kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeliziba tundu.

(e) Kupambanua unyevu. Si kila tone lililo chini ya gari ni la breki. Mafuta ya breki yana rangi ya asali au nyeusi yakizeeka, huteleza, hayakauki upesi, na huharibu rangi ya bodi. Mwenye shaka atie tone katika glasi ya maji: mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 huchanganyika na maji, ilhali oili ya injini au ya gia huelea. Glasi hiyo isitumike tena kwa kunywea, kwa kuwa mafuta ya breki ni sumu. Unyevu ukiwa upande wa ndani wa tairi, huenda silinda ya gurudumu ndiyo inayovuja.

(f) Jaribio la nguvu. Gari ikiwa imesimama pale pale na injini inaunguruma, mtu mmoja akanyage pedeli kwa nguvu kama anayetaka kuepuka ajali, na mwenzake atazame paipu kwa pembeni, uso wake ukiwa mbali. Afadhali paipu ipasuke hapo, mbele ya gereji, kuliko kupasukia mteremkoni ikiwa na abiria ndani.

MATENGENEZO YASIYOKUBALIKA

Yapo mazoea ambayo hutajwa kuwa ni ujuzi, nayo si ujuzi. La kwanza ni kuipinda na kuibana paipu ya gurudumu moja, au kuitia gololi ndani ya nati yake, ili mafuta yasipite na gari iendelee na magurudumu matatu. Gari hiyo huvutwa upande mmoja kila inapokanyagwa breki, na katika kona ya mlima upande huo huenda ukawa ndio wa korongo. Jambo lililofanywa kwa nia ya kufika nyumbani jioni ile hubaki kwenye gari miezi mingi, na mnunuzi anayefuata haambiwi.

La pili ni kukata sehemu iliyooza na kuunga mpira wa petroli kwa vibano. Mpira huo haukutengenezwa kwa shinikizo la breki. La tatu ni kuchomelea, kutia risasi au kuziba kwa gundi: ukuta wa paipu ni mwembamba mno, na joto hudhoofisha sehemu iliyo jirani. La nne ni kutia kitungini kitu kingine badala ya mafuta ya breki. Oili ya injini huvimbisha mipira yote ya mfumo, ikalazimu kubadilisha masta silinda, silinda za magurudumu na mipira yake. Maji nayo, katika kimo cha Sumbawanga, huchemka kwenye kiasi cha nyuzi 94 tu, na hizo ni chache mno kwa breki ya mlimani.

MATENGENEZO SAHIHI

Kanuni ya msingi ni moja: paipu iliyoliwa na kutu haitiwi kiraka, hubadilishwa nzima, kutoka nati hadi nati. Na ikiwa moja imefikia hali hiyo, wenzake wa umri ule ule nao wakaguliwe, kwani wote wamekula chumvi moja.

Kwanza, mali ya kununua. Paipu nyingi za gari ndogo zina upana wa milimita 4.75, lakini fundi apime ile ya zamani. Inafaa kutumia paipu ya chuma yenye kinga juu yake, au ile ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo hupindika kwa wepesi na haishikwi na kutu. Shaba tupu haipendekezwi, kwa sababu mtikisiko wa barabara huifanya ngumu na hatimaye hupasuka. Paipu ya dizeli, ya friji au ya plastiki isikubaliwe hata kama inaingia.

Pili, kufungua. Nati zilizoshikwa na kutu zitiwe mafuta ya kulainisha na kuachwa usiku kucha. Itumike spana maalumu ya paipu, inayoizunguka nati karibu pande zote, kwani spana ya kawaida huzilainisha kona zake. Nati ikigoma na kuzunguka pamoja na paipu, na paipu yenyewe inabadilishwa, ni bora kuikata paipu na kutumia spana ya boksi. Moto usitumike karibu na mipira wala mafuta ya breki. Tundu lililobaki wazi lizibwe mara moja ili vumbi lisiingie.

Tatu, kukata na kutengeneza mdomo. Paipu mpya ikatwe kwa kikatio cha paipu, si kwa msumeno unaoacha unga wa chuma ndani, kisha isafishwe kwa upepo. Nati itangulizwe kuvishwa kwenye paipu kabla ya mdomo kupanuliwa. Fundi anayesahau hatua hii hulazimika kukata na kuanza upya. Mdomo utengenezwe kwa kifaa chake na ufanane na ule wa zamani: gari nyingi za Kijapani hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili, na nyingi za Ulaya hutumia mdomo wa mviringo kama kitunguu kidogo. Aina hizi mbili hazibadilishani. Mdomo uliopanuliwa mara moja tu huchanika.

Nne, kupinda na kufunga. Paipu mpya ipite njia ile ile ya zamani, ipindwe kwa kuzungushiwa kitu cha mviringo ili isijikunje, na ikae mbali na ekzosi, springi na kila kinachozunguka. Vibanio vyote virudishwe. Paipu inayoning'inia hutikisika, na inayotikisika hukatika. Mipira ya magurudumu iliyopasuka, kuvimba au kukauka ibadilishwe wakati huo huo. Mpira mkuukuu huweza kuvimba kwa ndani, ukaruhusu mafuta kwenda yasirudi, na gurudumu likabaki limeshikwa na kuwaka moto.

Tano, kutoa upepo. Yatumike mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kitungi, kutoka chupa iliyokuwa imezibwa. Kwa gari nyingi zenye usukani wa kulia, kazi huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia, lakini kitabu cha gari kikisema vingine, kifuatwe. Mmoja akanyage na kushikilia. Mwenzake afungue nipo ya gurudumu, mafuta na mapovu yatoke kupitia mpira mwembamba ndani ya chupa, kisha aifunge kabla mguu haujaachia pedeli. Irudiwe mpaka mapovu yaishe, na kitungi kisiachwe kukauka hata mara moja. Gari za mizigo zenye vali ya kupima uzito karibu na ekseli ya nyuma zitolewe upepo hapo pia ikiwa vali ina nipo yake. Gari zenye mfumo wa ABS huenda zikahitaji kifaa cha uchunguzi, nazo zipelekwe kwa fundi mwenye kifaa hicho.

Sita, kujaribu. Pedeli ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika moja huku kila nati ikiguswa kwa kitambaa kikavu. Kisha gari ijaribiwe polepole pahala tambarare, halafu kwa mwendo wa kawaida, kabla ya kuruhusiwa kuteremka mlima. Nati zote ziangaliwe tena siku ya pili. Mafuta yaliyotolewa yasirudishwe kitungini wala yasimwagwe ardhini au karibu na kisima.

BREKI IKIPOTEA NJIANI

Dereva aliyeteremka kwa gia ndogo tangu mwanzo wa mlima ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoka, kwa kuwa injini inaishikilia gari. Pedeli ikizama ghafla, aikanyage haraka haraka mara nyingi, kwani huenda njia ya pili ikashika. Ashushe gia moja baada ya nyingine, avute breki ya mkono kidogo kidogo, ambayo katika gari nyingi za umri huo huendeshwa kwa waya na haitegemei mafuta, apige honi na kuwasha taa. Injini isizimwe, kwa sababu usukani huwa mzito na busta hukosa nguvu. Asipoweza kusimama, aelekee upande wa ukuta wa mlima, si upande wa bonde.

Gari ikishasimama, abiria wateremke, magurudumu yatiwe mawe, na safari ya gari hiyo iwe imekwisha kwa siku hiyo. Isivutwe kwa kamba mteremkoni, kwani kamba haiwezi kuizuia isiigonge ile inayoivuta. Ipelekewe paipu pale ilipo, au ivutwe kwa chuma kigumu au kubebwa.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayotumika Tanzania Bara, inakataza kuendesha barabarani gari isiyo katika hali ya kufaa. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ni ushahidi wa ukaguzi wa siku moja. Kutu haisomi stika.

Dereva wa gari ya Serikali anatakiwa kuandika kasoro ya breki katika kitabu cha safari, kwa tarehe na saini yake, badala ya kuitaja kwa mdomo. Afisa usafirishaji anatakiwa kuijibu kwa maandishi. Kwa upande wa Bara, matengenezo ya gari za Serikali hupitia Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA, na gari yenye kasoro ya breki inastahiki kutangulizwa kuliko yenye kasoro ya bodi au redio. Ama mkuu wa msafara anayemwambia dereva kwamba mkutano ni saa nne na lazima wafike, huku akijua kwamba pedeli inazama, ajue kuwa amebeba dhamana ya roho za wote waliomo garini. Dereva anayekataa kuondoka katika hali hiyo hajakaidi amri, bali ametekeleza wajibu wake, na haifai aadhibiwe kwa hilo.

Abiria nao wasinyamaze. Anayemwona dereva akikanyaga pedeli mara mbili tatu kabla gari haijashika, au akiongeza mafuta ya breki kituoni, ana haki ya kuuliza. Na mnunuzi wa gari iliyotumika pwani au ng'ambo aingie chini na tochi kabla ya kuhesabu fedha. Gharama ya paipu moja na chupa ya mafuta ya breki ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya gari, na haina mlingano kabisa na gharama ya mtu.

Wakuu wa idara, wenye gereji na viongozi wa vituo vya gari za abiria wanaombwa kuubandika ukurasa huu pahala ambapo madereva na mafundi watausoma, na kuhakikisha kwamba ukaguzi uliotajwa katika vifungu (a) hadi (f) unafanywa kabla ya mvua za masika, baada ya masika, na kabla ya kila safari ya milimani.